Redio ya Boti Ziwani Jipe

Mwenye boti alinipigia simu Jumatano asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuchekwa na wateja wake.

“Fundi, hii ni redio ya tatu nanunua,” alisema. “Zote ni kelele tupu. Nikifika katikati ya ziwa, inashika Tanzania peke yake, na hiyo Tanzania yenyewe inasikika kama mtu anakaanga samaki ndani ya spika. Jumamosi nina wageni, walimu wastaafu, na wameniambia kabisa kwamba habari za saa saba na matangazo ya vifo hayawezi kuwapita. Unaweza kuja Jipe?”

Nilimwuliza amepata wapi namba yangu. Akasema amepewa na dereva mmoja wa lori ambaye redio yake ilitengenezwa Voi, katika duka la mzee fulani na “yule mama anayefanya kazi kwake.”

Yule mama ni mimi. Na yule mzee alikuwa baba yangu, ila dereva hakujua, kama walivyokuwa hawajui wateja wengi.

Niseme hapa jambo hili lilivyokuwa, ili lisinisumbue mbele. Baba alikuwa na mke na watoto wanne kule milimani, upande wa Wundanyi, na alikuwa na duka la kutengeneza redio Voi. Mama yangu alikuwa akiuza chai na mahamri karibu na duka hilo. Baba hakumwoa. Mimi nilizaliwa, nikakua, na nilipomaliza darasa la nane baba akamwambia mama aniache nije dukani nijifunze kazi. Nilikaa kwenye ile meza yake zaidi ya miaka ishirini na tano. Akija kwa mama jioni kunywa chai aliniita mwanangu. Mbele ya wateja aliniita “fundi wangu.” Nilikuwa najivunia jina hilo. Niliona ni cheo. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba lilikuwa pazia.

Miezi mitatu kabla ya simu ile ya mwenye boti, baba alipatwa na kiharusi. Alikuwa amesimama mlangoni anaongea na jirani, mdomo ukapinda, akaanguka juu ya kreti ya soda. Mimi ndiye niliyempakia kwenye tuktuk. Mimi ndiye niliyekaa naye hospitalini siku mbili, nikimfuta mate, mpaka wanawe wa milimani walipofika. Kaka mkubwa, mwenye kazi yake nzuri Mombasa, alinishika mkono kwa heshima sana.

“Asante, fundi,” alisema. “Umetusaidia. Sasa familia imefika.”

Wakampeleka nyumbani milimani. Nilipanda huko mara mbili. Mara ya kwanza dada yao alinipa chai barazani, akaniambia mzee amelala, na nilikaa mpaka chai ikapoa na mzee bado amelala. Mara ya pili hata geti halikufunguliwa. Nikawa napiga simu yake, anapokea kaka mkubwa: “Mzee anapumzika.” Baadaye simu ikawa haipatikani kabisa. Mimi nikaendelea kufungua duka kila asubuhi, kwa sababu funguo nilikuwa nazo na kazi za watu zilikuwa mezani.

Kwa hiyo mtu aliponiita Jipe, nilifurahi. Nilitaka kutoka Voi hata kwa siku mbili.

Niliondoka Ijumaa alfajiri na mkoba wangu wa vyombo. Tukapita Mwatate, Maktau, kisha ile nyika ndefu isiyo na kitu mpaka kilima cha Salaita kikatokea mbele. Mwenye boti alikuwa ananisubiri Bomeni, mjini Taveta, na pikapu yake. Alikuwa mtu wa bara aliyehamia Taveta miaka mingi, mnene, mwenye kofia ya mkeka. Alikuwa dereva wa malori ya mizigo, akaacha, akanunua boti ya kutembeza watu ziwani kuangalia viboko na ndege. Njiani aliniuliza mara mbili kama kweli ni mimi fundi mwenyewe au natangulia tu. Nikamwambia ni mimi. Akasema, “Sawa. Wale wanaume watatu waliotangulia hawakuweza. Labda wewe.”

Boti ilikuwa imefungwa kando ya matete. Ilikuwa ya faiba, ile plastiki ngumu, nyeupe, viti kumi na viwili, paa la turubai juu ya mabomba, injini nyuma, paneli ya sola juu ya paa na friji ndogo ya soda chini ya kiti cha nahodha. Redio ilikuwa ya gari, mpya, imefungwa vizuri. Nikaiwasha. Shhhhh. Nikazungusha. Shhhhh, kisha sauti ya mtangazaji wa ng'ambo akicheka, kisha shhhhh tena. Milima ya Upare ilikuwa pale pale machoni, upande wa pili wa maji, na stesheni za huko zilikuwa zinatumwagikia. Za kwetu zinatoka kwenye minara ya mlima Vuria, huko mbali mashariki, zinavuka nyika yote ya Tsavo kabla ya kutufikia. Zinafika zimechoka. Kitu chochote kinachopiga kelele ndani ya boti kinazimeza.

Baba alinifundisha namna moja tu ya kuanza kazi kama hiyo. “Kwanza nyamazisha nyumba nzima,” alikuwa akisema. “Halafu amsha mmoja mmoja, utamjua mgomvi.”

Nikamwambia mwenye boti azime injini. Ikazimwa. Mkwaruzo ulipungua kidogo tu.

“Si injini?” aliuliza. “Wale wote walisema ni injini.”

“Injini imo, lakini si peke yake.”

Nikazima friji. Hakuna tofauti. Nikachomoa taa za utepe zilizozungushiwa paa, zile za rangi rangi. Mkwaruzo ukashuka tena. Kisha nikaona, karibu na usukani, chaja ya simu imechomekwa, ile ya bei rahisi yenye kijitaa cha bluu, haina hata simu. Nikaichomoa.

Ikawa kama mtu amefunga bomba la maji. Sauti ya ng'ambo ikatoka safi kabisa.

Mwenye boti alinitazama, akaitazama ile chaja mkononi mwangu. “Hii?” alisema. “Nimebadilisha redio tatu kwa sababu ya hii?”

“Hii na hizo taa.”

Alitukana kwa lugha ya kwao, kisha akaomba radhi kwa sababu mimi ni mwanamke.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Kunyamazisha kelele ni nusu. Stesheni ya kwetu ilikuwa bado haishiki. Nikaifuata antena. Ilikuwa antena fupi ya gari, imefungwa pembeni kwenye faiba. Antena ya namna hiyo inategemea bati la gari lililo chini yake. Bati ndilo nusu yake ya pili. Ukiifunga kwenye faiba ni kama kumsimamisha mtu kwa mguu mmoja. Na waya wake ulikuwa umefungwa pamoja na nyaya nene za injini kwa kamba za plastiki, nadhifu sana, kutoka mbele mpaka nyuma, kwa hiyo kila injini ilipozunguka waya ulibeba vurugu zake zote moja kwa moja mpaka kwenye redio. Mwisho wa waya nilipoukata ulikuwa wa kijani kwa kutu.

Mchana kutwa nilifanya kazi. Nilitoa waya wote wa zamani. Nikaweka mpya, ule mnene wa televisheni, nikaupitisha upande wa pili wa boti, mbali na injini na mbali na sola. Nikatengeneza antena kwa fimbo mbili za alumini, moja ikitazama juu na nyingine ikitazama chini, kila moja hatua fupi kwa urefu, katikati nimezitenganisha kwa kipande cha plastiki. Hiyo haihitaji bati. Nusu zote mbili inajibebea. Nikaifunga juu ya mlingoti wa bendera, mahali pa juu kuliko vyote. Chini ya antena niliuzungusha waya mara tano kama kamba ya ng'ombe, kuzuia uchafu usipande. Baba alipenda sana kuuzungusha waya namna hiyo. Wateja wakimwuliza ni ya nini, alisema, “Hapo ndipo kelele hupotelea njia.” Viungo nikavilehemu, nikavifunika kwa mpira na nta, kwa sababu hewa ya ziwani hula shaba kama mchwa.

Jua lilikuwa linaelekea Upare nilipoiwasha. Nikazungusha taratibu. Kikapita kituo cha ng'ambo, kikapita kingine, kisha ikatoka sauti ya mwanamke akisema Kidawida, lugha yetu Wataita, anasoma salamu za wasikilizaji. Wazi. Nilisikia hata akigeuza karatasi.

Mwenye boti, ambaye hajui Kidawida neno moja, alipiga makofi. Mimi nilitoa simu nimpigie baba, nimwambie. Ni mazoea tu. Hata kabla ya kubonyeza nilikumbuka. Simu yenyewe ilikuwa imeshika mtandao wa Tanzania, na namba yake haipatikani. Nikairudisha mfukoni. Nilikuwa na furaha siku ile, nakumbuka hivyo. Nilijiambia atakapopata nafuu nitamweleza ile habari ya chaja na atacheka na ule mdomo wake uliopinda.

Alikuwa ameshafariki tangu jana yake.

Nililala nyumbani kwa mwenye boti. Mkewe alinipikia ndizi za Taveta na nyama. Asubuhi aliniomba nisiondoke kwanza, nipande nao boti ili redio ikisumbua niwepo. Nikakubali.

Walimu walifika na basi dogo, wazee kumi, wengi wao Wataita wa Mwatate na Voi, na mwenyekiti wao mwalimu mmoja mama mzee mwenye kofia nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Walivaa jaketi za kuelea juu ya makoti yao. Tukazunguka kwenye matete, tukaona viboko wakitoa masikio tu, tukaona ndege weusi wakikausha mbawa. Redio ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Mwenye boti aliwaambia bila kuulizwa, “Huyu hapa ndiye fundi. Wanaume watatu walishindwa.” Walimu wakanipigia makofi. Mwenyekiti akasema, “Tunawaambia kila siku wasomeshe wasichana.”

Saa saba tulikuwa katikati ya ziwa. Habari zikasomwa. Kisha ukapigwa ule muziki wa huzuni ambao kila mtu wa kwetu anaujua, na wazee wote wakanyamaza.

“Zima injini, baba, tusikie vizuri,” mwalimu mwenyekiti alisema.

Injini ikazimwa. Boti ikawa inaelea tu. Hakukuwa na mkwaruzo hata kidogo. Niliifanya kazi ile vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakuna neno lililonipita.

Tangazo la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa Mgange. La pili, mtangazaji alianza kwa jina la baba. Majina yake yote matatu. Nilifikiri ni mtu mwingine, majina hufanana. Kisha akasema: aliyekuwa fundi wa redio mjini Voi kwa miaka mingi, aliyeaga dunia siku ya Alhamisi baada ya kuugua kwa muda. Akamtaja mke. Kisha akasema, baba wa, na akaanza kusoma. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Aliwataja na kazi zao na mahali wanapofanyia kazi.

Mtangazaji akapumua. Naapa nilimsikia akipumua. Nikangoja.

Akasema: mkwe wa. Akaendelea na wakwe, na wajukuu, na siku ya mazishi.

Mwalimu mmoja wa kiume alipiga paja lake. “Jamani! Si ni yule fundi wa Voi? Yule aliyenitengenezea kaseti ya shule?”

“Ndiye,” mwingine alisema. “Mzee mwema sana. Watoto wake wanne amewasomesha wote.”

Mwenyekiti alinigeukia. Labda aliona uso wangu. “Fundi, wewe si ni wa Voi? Ulimfahamu?”

“Nilimfahamu.”

“Kazi hii ulijifunzia kwake?”

“Ndiyo.”

“Oo, pole, mwanangu. Kumbe ulikuwa mwanafunzi wake.”

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Watu kumi wenye adabu, katikati ya maji, hakuna geti, hakuna wa kunizuia. Mdomo wangu ulifunguka na ukasema, “Ndiyo. Nilikuwa mwanafunzi wake.”

Mwalimu mwenyekiti aliwaomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu. Walisimama wakishikilia mabomba ya paa, boti ikayumba, na mimi nikasimama nao. Nikasimama kama jirani. Wale wazee waliinamisha vichwa kwa ajili ya baba yangu, na mimi, mtoto wake, niliinamisha kichwa kama mtu aliyekaribishwa.

Tulipofika ufukweni na walimu wakaenda kula, mwenye boti alinifuata pale nilipokuwa nafunga mkoba.

“Yule aliyekufa,” alisema, “ni nani wako?”

“Ni baba yangu.”

Alinitazama. “Baba kabisa?”

“Kabisa.”

Alivua kofia yake, akaivaa tena, akamwita mkewe awasimamie wageni, akawasha pikapu. Alinipeleka mpaka Voi, si Taveta tu. Karibu na Maktau alisema, “Mimi pia kwetu sikutajwa. Ndiyo sababu niko huku.” Nikamshukuru moyoni kwa kutoeleza.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwake, mtaa wa Sofia, kanga mbili kichwani. Kwenye kigoda kando yake redio ilikuwa imezimwa.

“Umesikia?” aliniuliza.

“Nimesikia.”

“Na majina?”

“Na majina.”

“Langu sikulitarajia,” alisema. “Lako nililingoja. Nilisema, labda wataliweka mwisho.”

Nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote: kwa nini hakumlazimisha baba anipeleke kwao, anioneshe watu, aseme huyu ni wangu? Mama alinijibu bila hasira. “Alikuwa anasema mwaka ujao. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Nikichachamaa alikuwa haji kunywa chai mwezi mzima, na wewe ulikuwa unalia kumtaka.” Kisha akaingia ndani.

Yeye hakwenda mazishini. Mimi nilikwenda.

Ilikuwa baridi ya milimani, ukungu umefika mpaka kwenye migomba. Watu walikuwa wengi. Nilipewa ile karatasi ya ratiba yenye picha ya baba, na ndani, katika historia ya maisha yake, waliandikwa watoto wanne na chini yake: “Pia alifundisha kazi vijana wengi.” Niliketi nyuma na majirani wa duka. Dada yao alisoma historia hiyo kwa sauti nzuri, akalia mahali pa kulia. Mchungaji akahubiri. Jeneza likateremshwa.

Msimamizi wa shughuli akasema, “Sasa watoto wa marehemu wasogee waweke udongo.”

Sikupanga. Mpaka leo sijui miguu yangu iliamuaje. Nilijikuta nimesimama, napita katikati ya viti, “samahani, samahani,” mpaka nikafika pale mbele, nikasimama wa tano. Kaka mkubwa aliniona. Alisogea karibu yangu akitabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

“Wafanyakazi wataitwa baadaye,” alininong'oneza.

“Mimi si mfanyakazi.”

“Usituaibishe leo. Tafadhali. Mama yetu yuko pale.”

Nilimtazama mama yao. Mzee, mwenye umbo dogo, amefunikwa shuka, anatazama shimo. Alikuwa hajanifanyia ubaya wowote. Hilo nalo lilikuwa gumu.

“Nimekuja kumzika baba yangu,” nilisema. Sikupaza sauti, lakini msimamizi alikuwa na kipaza sauti wazi mkononi na nadhani safu za mbele walisikia. Nilichukua udongo. Ulikuwa mwekundu na wenye maji. Niliuweka, wala sikuyasema yale maneno ya kanisa, nilisema tu, “Baba.” Kisha nikarudi kwenye kiti changu, na kila mtu alitazama mahali pengine.

Shughuli ilipokwisha, mwalimu mwenyekiti wa ile boti alinikuta karibu na tangi la maji, nanawa mikono. Alikuwa amekuja kuzika. Alinishika bega.

“Mbona hukutuambia siku ile?”

Nilimwambia, “Nilizoea, mwalimu.”

Alitikisa kichwa, machozi yakamtoka, na nilimwonea huruma kwa sababu alikuwa mzee na hakustahili kubebeshwa.

Kaka mkubwa alikuja wakati watu wanakula. Alikuwa mpole tena. Alisema familia imekaa na kuamua mambo ya duka, na akaniomba funguo. Nilizitoa mfukoni nikampa hapo hapo. Alishangaa, nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita. Nilimwomba jambo moja, kazi za watu zilizokuwa mezani nizimalize nizirudishe kwa wenyewe. Akasema watalishughulikia. Hawakulishughulikia. Wiki iliyofuata kufuli lilikuwa jipya, na wateja walikuwa wanakuja kwa mama kuniuliza redio zao ziko wapi, na mimi ndiye niliyekuwa nawaomba msamaha. Sasa pale panauzwa kava za simu. Mimi nina meza chini ya veranda ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, na kazi ipo, siwezi kusema haipo.

Miezi michache baadaye nilikwenda ofisi ya vyeti. Nilikuwa nimechukua muda kujishawishi. Cheti changu cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba, kimepigwa mistari ya X toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyekosea na kufuta. Nilitaka kuuliza kama inawezekana kuandikwa jina. Aliyekuwa dirishani alikuwa kijana wa kike mwenye adabu, na aliniita mama.

“Inawezekana, mama,” alisema. “Baba aje mwenyewe na kitambulisho chake, atie sahihi.”

“Amefariki.”

“Pole sana. Basi ndugu zako wakubali kwa maandishi.”

“Hawatakubali.”

Alikitazama cheti tena, akakigeuza nyuma, labda akidhani kuna kitu kimeandikwa huko. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, watu wengi na watoto wachanga.

“Ungekuja akiwa hai,” alisema, na hakusema kwa ubaya.

“Alisema mwaka ujao,” nilimjibu, nikachukua karatasi yangu, nikampisha mama aliyekuwa nyuma na mtoto wake.